Laki tatu za Kariakoo: kisa cha mkopo wa rejesho la kila siku

Mkataba wenyewe ni karatasi moja, picha ya pasipoti kona ya juu, dole gumba chini. Unasema mkopaji amepokea shilingi 390,000 na atazirejesha kwa siku 30, kila siku 13,000. Neno riba halimo. Mkopaji, mama lishe anayepika kwenye uchochoro karibu na Mtaa wa Congo, Kariakoo, alipokea mkononi 285,000. Mkopo aliouomba ulikuwa laki tatu. Elfu 15 zilikatwa juu kwa juu, zikaitwa ada ya fomu, na elfu 90 zikaingizwa kwenye mkataba kana kwamba naye alizishika. Bei ya fedha hizo kwa mwezi mmoja ni 105,000, na ukiisoma karatasi hiyo mara kumi hutaiona popote.

Dar nzima inaijua mikopo hii kwa jina la kausha damu. Ukiitaja kwenye daladala utasikia hoja mbili tu. Wa kwanza atasema wakopeshaji ni wezi, Serikali iwabane riba. Wa pili atasema akina mama hawana elimu ya fedha, wanakopa bila hesabu. Nimepitia daftari la mama huyu, kwa ruhusa yake na kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje, na hoja zote mbili zinakwama humo.

Tuanze na hii ya elimu ya fedha, kwa sababu ndiyo inayoniudhi zaidi.

Kabla ya kukopa, mama alikuwa akinunua kila kitu kwa siku. Mchele kilo 12 kwa bei ya rejareja, 2,400. Mkaa kwa sado. Mfanyabiashara wa jumla mita chache kutoka hapo alikuwa anauza mfuko wa kilo 50 kwa 105,000, yaani 2,100 kwa kilo. Gunia la mkaa lilikuwa 75,000. Ukiwa na fedha ya kununua kwa jumla, unaokoa 300 kwenye kila kilo ya mchele, ambazo ni 3,600 kwa siku, na kwenye mkaa unaokoa kama 2,400. Jumla 6,000 kwa siku, bila kuongeza hata sahani moja ya wali wala kupandisha bei. Kwa siku 26 za kazi, maana Jumapili hapiki, ni 156,000. Toa gharama ya mkopo, 105,000. Anabaki na 51,000.

Hesabu hiyo imo kwenye daftari, kwa mwandiko wake, imeandikwa kabla hajakopa. Alinunua mifuko miwili ya mchele na gunia moja la mkaa. 210,000 na 75,000: shilingi 285,000 zote ziliingia kwenye biashara, hakuna iliyokwenda kwenye kitenge wala harusi. Maskini hununua kwa bei ya juu kwa sababu hana cha kununulia kwa wingi, na fedha kidogo ikiingia mahali kama hapo huzaa kwa kasi ambayo mwenye duka kubwa hawezi kuiota. Wachumi wamelipima jambo hili. Utafiti wa De Mel, McKenzie na Woodruff uliochapishwa mwaka 2008, kuhusu biashara ndogo za Sri Lanka, ulikuta mtaji wa ziada ukirudisha karibu asilimia 5 kwa mwezi, juu kabisa ya riba za benki za huko. Kwa mama wa Kariakoo, kwenye karatasi, ilikuwa zaidi ya asilimia 50 kwa mwezi.

Sasa tazama kinachotokea ukianza kulipa.

Fedha alizipokea Jumamosi, Juni 8, 2024. Rejesho la kwanza lilikuwa Jumatatu. Kila siku 13,000, na la Jumapili analitanguliza Jumamosi. Faida yake ya kawaida ilikuwa inaishia nyumbani: kodi ya chumba Buguruni, nauli, michango ya shule, chakula cha watoto wanne. Kwa hiyo 13,000 zilitoka wapi? Elfu 6 zilitoka kwenye ile nafuu ya bei ya jumla. Elfu 7 zilizobaki zilitoka kwenye mtaji. Mfuko wa kwanza ulipokwisha, aliweza kununua mwingine. Wa pili ulipokwisha, fedha haikutosha mfuko, akarudi kwenye kilo. Mkaa nao ukarudi kwenye sado. Na kila alipozidi kurudi kwenye rejareja, ile nafuu ya 6,000 nayo ikapungua, hivyo kesho yake mtaji ukaliwa zaidi.

Mtaji ulioanza na 285,000 na kuisha ndani ya mwezi ni sawa, kwa wastani, na nusu yake. Nafuu nayo ni nusu: 78,000 badala ya 156,000. Toa 105,000. Amepata hasara ya 27,000 hata kabla ya balaa lolote kutokea. Ukipiga riba inavyostahili kupigwa, yaani juu ya deni lililobaki kila siku na si juu ya laki tatu ambazo hazikukaa mkononi mwake, inakuja karibu asilimia 2 kwa siku, sawa na 60 kwa mwezi bila kuhesabu riba juu ya riba. Mama alidhani analipa 35. Kosa liko kwenye mstari mmoja tu, na nimeona wahasibu wenye vyeti wakilikosea vilevile.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda kwingine. Wapi? Benki ilitaka dhamana ya maana na muda ambao hana. Mkopo wa kwenye simu ulimpa kiwango kisichotosha hata mfuko mmoja. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirudi, na Juni ile ilikuwa bado haijamfikia mtu wa mtaani. Kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, alikuwa nacho, lakini zamu yake ilikuwa Agosti. Ofisi ya kausha damu ilimpa fedha siku hiyohiyo kwa kitambulisho cha NIDA, barua ya mjumbe, wadhamini wawili na orodha ya vyombo vya ndani.

Hiyo orodha inastahili kuangaliwa. Friji dogo, televisheni, godoro la futi tano kwa sita, jiko la gesi la plati mbili. Ukiviuza vyote kwa pupa hufikishi nusu ya deni. Mkopeshaji anajua. Godoro lililolaliwa miaka mitatu halina thamani kwake, ila lina thamani kubwa kwa anayelala juu yake, na hofu ya kulikosa ndiyo dhamana yenyewe. Ndiyo maana wanakuja na gari wazi, mchana, majirani wakiwa barazani.

Jumatatu, Juni 24, 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma. Malalamiko yao yalikuwa kodi na ukaguzi wa risiti, kamatakamata kama wenyewe walivyoiita, na mwaka mmoja nyuma, Mei 2023, walikuwa wamekwisha kugoma kwa mambo yaleyale hadi Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Safari hii maduka yalifungwa tena. Mama alikuwa amekwisha kupika. Kilo 12 za mchele, maharage, nyama kidogo, mchicha. Wateja wake ni wapagazi, vijana wa dukani na machinga, na duka likifungwa mpagazi hana mzigo na kijana wa dukani hajatoka kwao. Aliuza sahani chache kwa polisi na waandishi wa habari. Nyingine alizibeba kwenye ndoo hadi Buguruni, akauza kwa bei ya kutupa.

Saa kumi jioni kijana wa marejesho alifika. Lilikuwa rejesho la 15.

"Mama, shikamoo. Leo nisaidie, nina kikao ofisini, siwezi kurudi mikono mitupu."

"Marahaba, mwanangu. Mji umefungwa, wewe mwenyewe umepita unaona."

"Naona, mama. Lakini mfumo hauoni."

Faini ilikuwa 3,000 kwa kila siku iliyopita. Jumanne hivyo hivyo, Jumatano hivyo hivyo. Siku hiyo akaambiwa gari litakuja kesho asubuhi. Jioni ileile akaenda ofisi nyingine, mtaa wa pili, akachukua laki mbili. Akapewa 190,000, arejeshe 10,000 kwa siku 26. Fedha yote akaipeleka ofisi ya kwanza. Alikuwa amelipa marejesho 14, yaani 182,000, limebaki deni la 208,000 na faini 9,000. Alitegemea kwamba akimaliza deni kabla ya muda atapunguziwa. Hakupunguziwa hata senti, kwa sababu mkataba ulisema alikopa 390,000. Riba ikishageuzwa kuwa deni, kulipa mapema hakukuokolei kitu. Ile 27,000 iliyopungua aliiomba kwa dada yake wa Mbagala. Mwisho wa wiki alikuwa amefunga mkopo mmoja, amefungua mwingine wa 260,000, na hana mchele hata kilo moja ya akiba.

Tumgeukie mkopeshaji, maana hoja ya "wezi" nayo ina hesabu yake.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma kwenye madaraja manne: benki na taasisi zinazopokea amana, kisha kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, kisha SACCOS, kisha vikundi kama VICOBA. Ofisi ya mama yetu, kama ingekuwa na leseni ya Benki Kuu, ingekuwa daraja la pili. Ukutani palikuwa na leseni ya biashara tu, ndani ya fremu nzuri. Daraja la pili lina ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Mama alilipa mara kumi ya hapo.

Basi wabanwe? Tuseme kijana mmoja wa marejesho anazungukia wateja 60, kila mmoja na laki tatu. Mtaji ni milioni 18. Kwa asilimia 3.5 unapata 630,000 kwa mwezi. Mshahara wa kijana 300,000, bodaboda na vocha 150,000, chumba cha ofisi 100,000. Umebaki na 80,000. Wakitoroka watatu kati ya wale 60, umepoteza 900,000. Biashara imekufa mwezi wa kwanza. Kwa namba hizi nilizozikadiria mimi, na ukikadiria tofauti utapata jibu tofauti kidogo, anayekopesha laki tatu kwa mtu asiye na dhamana na kumfuata kila siku anahitaji kama asilimia 8 ili asile hasara. Ukomo wa 3.5 umeandikwa kwa mkopo mkubwa unaolipwa kwa mwezi kupitia akaunti. Ukitumika kikamilifu kwa mkopo wa Mtaa wa Congo, mkopo huo unatoweka au unajificha ndani ya karatasi inayosema 390,000. Umejificha.

Kenya walilijaribu hili kwa benki zao. Mwaka 2016 sheria iliweka ukomo wa riba, pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu yao, na benki zikafanya kile ambacho nadharia ilitabiri: zikawapa kisogo wakopaji wadogo na kununua hati fungani za Serikali. Mwaka 2019 ukomo ukaondolewa. Stiglitz na Weiss, mwaka 1981, walikuwa wameeleza upande mwingine wa jambo hilohilo, kwamba hata bila sheria mkopeshaji asiyejua nani mwaminifu na nani mtoro huona heri kumnyima mtu mkopo kuliko kupandisha riba, maana riba kubwa huvuta wale wasiokusudia kulipa. Kausha damu wanaonekana kuivunja nadharia hiyo. Hawaivunji. Wameziba pengo la kutomjua mteja kwa godoro, mjumbe na ziara ya kila jioni, na gharama ya ziara hiyo wamempelekea mteja.

Ila asilimia 8 si 35. Kwa hesabu ileile, akitoza alivyotoza, mkopeshaji mwenye wateja 60 anabaki na zaidi ya milioni 4 kwa mwezi baada ya gharama na watoro, na hapo sijahesabu kwamba inayorudi leo inakopeshwa kesho. Ofisi za namna hii zimejaa kila mtaa. Kwa nini zisishindane na kushusha bei? Kwa sababu mteja haoni bei. Mama alipokwenda ofisi ya pili alilinganisha rejesho na rejesho, elfu 10 na elfu 13, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichoandikwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwenye simu zisizo na idhini na kuzipiga marufuku. Hatua nzuri, lakini haigusi chumba chenye meza na daftari. Kama ningeambiwa nichague kanuni moja tu ya kusimamia mtaani, ningeacha kwanza kuhangaika na ukomo na kulazimisha karatasi iandike mistari miwili kwa herufi kubwa: fedha uliyopewa mkononi, fedha utakayorudisha. Mkataba usio na mistari hiyo usidaiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa wala mahakamani.

Hata hivyo, hilo lisingemwokoa mama Juni ile. Kilichomwangusha ni ratiba. Rejesho lilianza kabla mchele wa kwanza haujaiva, likaendelea bila kujali kama soko liko wazi. Kuna utafiti wa Kolkata, India, wa Field, Pande na wenzao, uliochapishwa mwaka 2013. Walichukua wakopaji wa vikundi. Wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili kama kawaida, wengine wakapewa miezi miwili ya kupumua. Riba ileile. Miaka mitatu baadaye, biashara za wale waliopumua zilikuwa na faida kubwa zaidi kwa karibu asilimia 40. Upande wa pili ni kwamba walioshindwa kulipa nao waliongezeka miongoni mwao, kutoka kama wawili kwa mia hadi tisa. Mkopeshaji anayedai kila siku anajilinda na hao saba, na anailipia kinga hiyo kwa faida ya wengine wote.

Mama mwenyewe, nilipomweleza hili, hakukubaliana nami moja kwa moja. Alisema rejesho la kila siku lina wema wake, fedha ikikaa ndani wiki nzima lazima shemeji aumwe. Ana hoja. Ndiyo kazi ya kijumbe pia: kuitoa fedha nyumbani kabla ndugu hawajaiona. Lakini kijumbe, ukipatwa na msiba, wenzako wanabadilishana zamu.

Alichofanya tangu Julai ni kuchukua mali kauli. Yule mfanyabiashara wa mchele anampa mfuko wa kilo 50 asubuhi, yeye anaulipia baada ya siku nne, kwa 110,000 badala ya 105,000. Ukilipiga kama mkopo, ni karibu asilimia 5 kwa siku nne, 36 kwa mwezi. Benki Kuu ingeshtuka. Lakini kwake kilo inakuja 2,200, bado anaokoa 200 dhidi ya rejareja, 2,400 kwa siku, na halipi kabla hajauza. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna faini. Siku soko likifungwa, mdai wake naye kafungiwa, hivyo haji kudai. Kwa mfanyabiashara huyo ni hatari ya kweli, kwa sababu mgomo ukitokea wadaiwa wake wote wanakwama siku moja. Ndiyo sababu anawapa mali kauli akina mama sita tu anaowaona kila siku kutoka mlangoni kwake, na wa saba hamtaki.

Mkaa haupatikani hivyo. Muuza mkaa anataka taslimu, na sado imebaki sado. Gesi ingekuwa nafuu kwa mapishi yake, na Serikali inaisukuma sana sasa na mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, lakini mtungi mkubwa na jiko lake ni fedha ya mkupuo, ambayo ndiyo asiyokuwa nayo tangu mwanzo.

Ule mkopo wa pili ulimfikisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mwezi Julai, baada ya kukosa siku tano mfululizo. Walikaa, ofisi ikakubali 5,000 kwa siku bila faini. Fedha ya kijumbe ya Agosti ilikwenda yote huko. Alimaliza mwishoni mwa Septemba, akaomba arudishiwe ile orodha ya vyombo yenye sahihi yake, wakamwambia inabaki kwenye faili.